Uso wa Nguzo

Jumatatu moja ya Machi, saa kumi jioni, Mama Nabwile alirudi Kabuchai baada ya wiki tatu za kumhudumia bintiye aliyejifungua. Alichukua ndoo kwenda kisimani, akakuta nguzo ya mpaka imehama. Nguzo ile kuukuu ya mtarakwa, iliyosimama miaka yote ng'ambo ya kisima, sasa ilikuwa hatua saba ndani ya shamba lake. Kisima alichochimba na marehemu mumewe kilikuwa kimebaki kwa jirani.

Koplo Kizito alifika Jumanne saa tatu asubuhi. Jirani, Mwalimu Wanyonyi, mkuu wa shule mstaafu, alimpokea kwa chai.

"Afande, nguzo iko pale baba alipoichimbia," alisema. "Si unaona alama yake? Inamtazama Mama mwenyewe." Kweli, upande wa mashariki unaoelekea kwa Nabwile ulikuwa na herufi W ya Wanyonyi iliyochongwa. "Kisima nilimwachia tu marehemu achimbe, kwa ujirani."

"Hiyo alama mimi sijawahi kuiona," alisema Nabwile.

"Ni umri, Mama," mwalimu alimjibu kwa upole.

Kizito aliandika yote. Wanakijiji walimnyooshea kidole Wangila, dereva wa trekta aliyelima pale wiki iliyopita, naye alikuwa ameshalala rumande.

"Afande, mimi niliikwepa! Trekta ikigonga posti inaipasua, bana."

Kizito aliikagua nguzo, asione hata mkwaruzo. Wangila akaachiliwa. Lakini chifu alikuwa ameshasema: Ijumaa ikifika bila ushahidi, mpaka ni pale nguzo ilipo.

"Kuna msichana wa Kitale alikuja Januari kupiga hiyo posti picha," Nabwile alikumbuka. "Nilimcheka."

Kizito naye alicheka. Mtu mzima na akili zake, kudamka kuja kupiga picha mbao inayooza!

Kicheko kilimwisha Jumatano, ndani ya studio ya msichana huyo, Jepchirchir, mjini Kitale. Ukutani kulikuwa na picha za milango ya maghala, mihori ya ng'ombe na nyua zilizochakaa, zote kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kila ufa ulionekana, kama mistari ya kiganja cha mkulima. Kizito alisimama mbele ya mlango wa ghala la Kiminini, mlango aliopita mbele yake mara elfu bila kuuona. Akavua kofia.

"Kumbe," alisema. "Mbona huweki rangi?"

"Rangi hudanganya, Afande. Mbao ikinyeshewa ni nyeusi, ikikauka ni ya kijivu. Nyufa hazibadiliki."

Alimpa picha ya nguzo. Ilijaa mbao tupu iliyoangaziwa na jua, bila kisima wala nyumba. Kizito alikata tamaa, mpaka alipoigeuza na kusoma nyuma: Kabuchai, 14 Januari, saa moja na dakika kumi asubuhi.

"Kila mara unaandika saa?"

"Lazima. Ni jua la mapema linalochora nyufa. Likipanda, mbao inakuwa bapa tu."

Kizito aliitazama tena picha ile, kwa muda mrefu.

"Ijumaa saa moja asubuhi, uje nayo," alisema.

Ijumaa, mbele ya chifu na majirani, jua liliimulika ile W.

"Mwalimu, nguzo hii imewahi kugeuzwa?" Kizito aliuliza.

"Haijaguswa tangu enzi za baba."

Jepchirchir aliiweka picha kando ya upande wenye jua. Havikufanana, kwenye picha hapakuwa na herufi. Akazunguka upande wa kivulini. Ufa kwa ufa, jicho la mti kwa jicho la mti, vikalingana.

"Saa moja asubuhi jua huangaza mashariki," alisema Kizito. "Januari upande huu ulikuwa mashariki, leo uko magharibi. Nguzo si alizeti, haijigeuzi. Aliyeing'oa alitaka herufi imtazame Mama. Nani mwingine alihitaji Mama aione, Mwalimu?"

Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Kisima changu kimekauka tangu Desemba. Mimi, mkuu wa shule, nibebe ndoo nikaombe maji kwa mjane?"

"Mficha uchi hazai," chifu alinong'ona.

Nabwile alikuwa na hasira mpaka machozi yakamtoka. "Si ungebisha hodi tu, Mwalimu."

Kizito alimwongoza mwalimu hadi kwenye gari, kisha akarudi kumpigia Jepchirchir saluti mbele ya watu wote. Wangila alianza kuchimba shimo pale pa zamani. Nabwile alivuta maji, akajaza mtungi, na kabla hajachota yake akaupeleka ng'ambo kwa mke wa mwalimu.