Gata la Marehemu Tiburcio

"Miezi minane, Ruperto! Miezi minane unapaka gundi palepale, na bado panavuja!"

"Punguza sauti, mpenzi. Mama atasikia."

"Asikie! Si yeye aliyesema nyumba ikilala kavu ndipo utanioa? Au ndiyo ujanja wako, isikauke?"

Ruperto alikuwa juu ya ngazi ya mianzi, fulana imemganda mgongoni. Rosenda alisimama chini na sare yake ya kiwanda cha viatu, vidole vinanuka gundi ya soli. Kila mvua iliponyesha mjini kwao Marikina, alilala na ndoo ubavuni ya kukingia maji yaliyovuja, akiamka kuimwaga. Alikuwa amechoka na ndoo, amechoka na zamu, na leo alikuwa amechoka hata na mwanamume aliyempenda.

Kwao, mchumba hutumikia ukweni kabla ya kupewa mtoto wa watu. Shemeji zake Rosenda walipasua kuni wiki tatu wakaoa. Ruperto, fundi bati mzima, alipewa azibe kiungo kimoja tu cha gata, mfereji wa bati unaokinga maji ya mvua ukingoni mwa paa.

"Juzi kwenye simu uliniambiaje?"

"Kwamba nakuja, kipenzi."

"Ukaja, ukapaka gundi! Kama hunitaki, sema. Sitalia. Nitalala tu."

Hilo la kulala ndilo lililomshusha Ruperto ngazini. Akamsogelea, akanong'ona:

"Gundi haina kosa. Kipande cha juu kilitakiwa kilale juu ya mwenzake, maji yateleze. Hapa kimewekwa chini. Maji yanagonga ukingo, yanapenya mpaka chumbani kwako. Dawa ni kubandua kiungo chote na kukigeuza."

"Sasa kwa nini hukigeuzi?"

"Nani alilitengeneza gata hili?"

Rosenda aliinua macho kulitazama. Alikuwa marehemu baba yake, Tiburcio, fundi wa mtaa mzima. Lilikuwa gata lake la mwisho.

"Nimwambie mama mkwe mumewe alikosea?" Ruperto alisema. "Nikiwa sijapewa hata kiti cha kukalia?"

"Kwa hiyo ukaona bora mimi nilowe."

Ruperto aliifuta patasi yake kwenye fulana.

"Mnanong'ona nini?" Bi Pacita alitokea mlangoni na dera lake la maua, mwiko mkononi.

"Mama, Baba aliunganisha gata kinyume," Rosenda alisema.

Ruperto akafumba macho.

"Najua," mama akasema. "Nilimwambia siku ileile. Akaninunia wiki nzima."

"Ulijua? Na mimi nabeba ndoo?"

"Ni mkono wake ule, Senda. Sitaki mtu aubandue." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko wote pale. "Nilidhani gundi itatosha."

Rosenda alimtazama mama yake, akamwonea huruma, na huruma ile haikumbadilisha nia. Akachukua patasi na nyundo kwa Ruperto, akapanda ngazi.

"Senda, shuka!"

"Mama, nakupenda, na Baba nilimpenda. Ila sitazeekea kwenye ndoo. Ruperto!"

"Naam?"

"Jumamosi uko kazini?"

"Niko."

"Omba ruhusa. Tunakwenda kwa padri kuandikisha ndoa."

"Umenichumbia kutoka kwenye ngazi?"

"Ishikilie vizuri, wewe, nisianguke kabla hujajibu."

"Nimekubali, jamani!"

Rosenda akapiga ribiti ya kwanza, kile kijimsumari kinachoshikanisha mabati. Ikaruka. Ya pili ikakataa, akairudia mpaka ikang'oka, na maji machafu ya gata yakammwagikia kifuani. Bi Pacita aliyatazama, kisha akauweka mwiko dirishani.

"Usiyakunje hayo mabati," alisema, akinyoosha mikono kuyapokea. "Nipe moja moja."