Mbalungi wa Khoát

Thắm aliuacha ule mbalungi umelala kidogo upande wa mto. Katika kuuinua, nguvu za mwanamke mmoja, kamba na mianzi ya kuegemezea zilikomea hapo. Asubuhi akaukuta umesimama wima, kama ulivyokuwa kabla dhoruba haijaung'oa, na udongo chini yake ukinuka tope la mtoni.

Hakumwambia mama mkwe wake. Alifurahi kimyakimya. Usiku wa dhoruba mumewe, Khoát, alitoka kwenda kuuegemeza mti huohuo, mafuriko yakamzoa, na hadi maji yalipopungua hakuna aliyeona hata kiatu chake. Siku alipouinua, Thắm aliukumbatia akaunong'oneza, "Ukishika mizizi, naye atarudi." Tangu hapo roho yake yote ilikuwa kwenye mti ule.

Lakini mibalungi mingine, ambayo dhoruba haikuigusa, ikaanza kunyauka. Majani yalijikunja, matunda machanga yakapukutika.

"Inamsubiri," alisema mama mkwe, Mama Lựu, akitafuna tambuu kwa hasira. "Miti ikifiwa na mwenye bustani huvishwa kitambaa cheupe cha msiba ikaambiwa kwamba amefariki. Wewe unaificha ukweli."

"Nani kafa, Mama? Umeona maiti?"

"Mimi ndiye niliyemzaa. Usinifundishe kumlilia mwanangu."

"Basi lia. Kitambaa sifungi."

"Kichwa kigumu! Ndiyo maana mliivana na yule."

Jioni hiyo wakiwa jikoni, wali ungali motoni, wakasikia mtu anahema bustanini. Hatembei wala haiti. Anahema tu, pumzi za mtu aliyejitwika mzigo na hana pa kuutua.

"Unasikia?" Mama Lựu alinong'ona, amemshika mkono mkwewe.

"Ni upepo."

"Upepo gani unakohoa? Kikohozi chake kile, Thắm. Ndiye."

Thắm akapiga moyo konde, akatoka. Nusu alikuwa na hofu, nusu furaha, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya tope ilivyozidi, na majani makavu chini ya miguu yake yakawa yameloa, na baridi ikampanda kutoka nyayoni hadi magotini kama anayeingia mtoni, mpaka alipofika nyuma ya shina akamwona: Khoát, ameinama, mgongo umegandamana na gome, miguu imezama matopeni, maji yanamchuruzika usoni, ameubeba mti mzima peke yake. Mizizi ilikuwa nje, myeusi, imeoza. Hakuna hata mmoja ulioshika.

"Mke wangu," alisema bila kuinua uso. "Bado haujashika? Nimechoka."

Thắm alirudi mbio akaanguka kifuani mwa mama mkwe. Akamweleza aliyoyaona. Mama Lựu hakumsuta.

"Unamfanyisha kazi marehemu, mwanangu," alisema, machozi yakimtoka. "Mwache apumzike."

Kitambaa cheupe kilikuwa tayari sandukuni. Walikichana pamoja, wakafunga mti baada ya mti, na kila mmoja Mama Lựu aliuambia, "Bwana wako amefariki. Usimsubiri tena." Mbalungi ule alimwachia Thắm. Vidole vilikataa. Alifunga fundo likafunguka, akafunga tena, akayasema yale maneno kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Pumzi zikakoma. Mti ukaenda chini taratibu, bila kishindo, na Thắm akalala juu ya shina akilia kwa kwikwi mpaka mama mkwe akaja kumwinua.

Mibalungi mingine ilichipua upya. Pale ulipokuwa ule mmoja, Thắm alipanda mche. Mama Lựu akamletea mwanzi wa kuuegemezea, akaukataa.

"Upepo ukija utaulaza huu."

"Uulaze tu, Mama."

Na kweli, upepo ukivuma mche hulala hadi chini. Thắm hukaa kizingitini akijiuma kidole, asije akaita jina la mumewe. Huko mtoni mtu hukohoa, halafu hunyamaza, anangoja kuitwa.