Shanga za Oksijeni

Jua lilikuwa limeichosha Lodwar nzima siku Namuria alipogombania shanga nyekundu na mgeni sokoni.

"Hiyo shanga nilishika kwanza!" Alivaa gauni la kitenge lililopauka, vumbi la chaki viganjani.

"Samahani, dada. Hii ni oksijeni yangu." Mgeni alikuwa mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi, kola imechakaa.

Namuria akacheka. Naye alikuwa akitafuta oksijeni. Wote walifundisha kemia kidato cha pili, yeye Lodwar, mgeni, mkimbizi wa Bor aitwaye Alier, kambini Kakuma, na shule zote mbili hazikuwa na vifaa, hivyo shanga ndizo zilikuwa atomi. Wakagawana nusu kwa nusu: nyekundu oksijeni, nyeupe haidrojeni.

Mapenzi yakaja kwa simu, kila mmoja akiwa hoi baada ya kazi.

"Leo umefundisha nini, mpenzi?" Namuria aliuliza usiku mmoja.

"Chumvi. Sodiamu inatoa elektroni, klorini inapokea, wanashikana."

"Mimi sitaki mapenzi ya chumvi. Mmoja kutoa tu, mwingine kupokea tu?"

"Unataka ya aina gani?"

"Ya maji. Kila mtu analeta elektroni yake, wanatumia pamoja."

"Sawa, maji yangu."

Desemba 2012 Alier alipata kibali cha kutoka kambini, akaenda kumwamkia mama yake Namuria. Mama akachinja mbuzi. Alier akaketi kwa adabu, akakaribishwa, na hakugusa kitu. Hata chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo hakupona mtu.

"Anatudharau," mama alisema Alier alipoondoka. "Nyama yetu inanuka? Usimlete tena."

Namuria aliona aibu hata ya kuuliza. Akaacha kupokea simu. Alier akadhani amekataliwa kwa ukimbizi wake, naye akachoka kupiga.

Machi walimu wa sayansi waliitwa semina Kakuma. Mchana Namuria aliingia ukumbini, akamkuta Alier anafakamia maharagwe. Alipomwona, akaweka kijiko chini.

"Kumbe unakula! Kwa mama yangu ulishindwa na nini?"

"Kwetu mwanaume hali mbele ya msichana anayetaka kumwoa. Mbele ya mama mkwe ndio kabisa. Watasema amefuata tumbo."

"Mama mkwe?"

"Sasa mimi nilikuja Lodwar kufanya nini, Namuria? Ile nyama ilinukia, nilitaka kulia."

Namuria alicheka, kisha machozi yakamtoka. Akampigia mama kwa spika, akamweleza. Mama akauliza:

"Kwa hivyo mtoto wa watu alirudi na njaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Ng'ombe wa mahari anao?"

Ng'ombe wa kina Alier waliishia vitani, Bor. Namuria alipomtazama, Alier alitikisa kichwa.

"Hana, Mama."

"Basi atafute polepole. Na akija, nyama nitamfungia, akale huko njiani."

Simu ikakatika. Alier aliinamisha kichwa. "Mwalimu wa kambi atatoa wapi ng'ombe?"

"Nusu nitanunua mimi. Ya maji, umesahau?"

"Mama yako akijua?"

"Asijue." Namuria alimsogezea sahani, akageuza kiti, akampa mgongo. "Kula, mume wangu. Siangalii."

Baada ya muda akasikia kijiko.