Delmer Bado Anasafisha

Bastola ilikuwa mpya, haijapigwa hata risasi moja, lakini Orpha Tackett alipofungua boksi lake pale mezani jikoni ilinuka dawa ya kusafishia mtutu. Harufu ile, kama ya ndizi zilizoiva mpaka zikaharibika, aliijua sana. Marehemu mumewe, Delmer, alikuwa akinukia hivyo kila msimu wa kuwinda paa, miaka thelathini na mmoja. Chupa ya dawa Orpha aliitupa mwenyewe mwezi Machi, siku ya pili baada ya mazishi. Akafunga boksi, akaliweka chumba cha pili, akaendelea kupika maharage.

Hakuogopa. Tangu Machi hakuwa akiogopa wala kufurahi. Moyo wake ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha, upo tu, hauna habari.

Hata kuinunua hakukuwa wazo lake. Royce, mdogo wake Delmer, ndiye aliyemkalia shingoni. "Shemeji, nyumba yako ndiyo ya mwisho barabara hii. Mateja wameshavunja kwa jirani mara mbili. Na Tamsin anakuja kujifungulia hapa. Utawafukuza kwa mwiko?"

Tamsin alikuwa binti yake wa pekee, mwenye mimba ya miezi saba, na angehamia kwa mama yake Jumamosi. Kwa Orpha hilo ndilo jambo pekee lililobaki la kungojea duniani. Basi akaenda na Royce kwenye duka la silaha la Virgil Maddox, akiwa na dola mia nne.

Royce akawa wa kwanza kuonyesha kibastola cha kuingia mfukoni. "Hako kanamfaa mwanamke."

"Royce, nenda katazame ndoano za samaki," Virgil alisema. "Bi Orpha, bastola inavyozidi kuwa ndogo ndivyo inavyozidi kurusha mkono. Hako ukikapiga mara mbili hutakagusa tena."

Akatoa nyingine, ya ukubwa wa kati. Aliifungua, akachungulia, akatia kidole kwenye tundu la risasi, ndipo akampa. Orpha naye akachungulia na kutia kidole vilevile, ingawa alikuwa ameona kwa macho yake kwamba ni tupu. Bonde lote lile hufanya hivyo, hata watoto, na asiyefanya hutazamwa kama mtu aliyeingia kanisani uchi. Lakini chuma cha juu cha kuvuta nyuma kilimshinda. Miaka ishirini ya kukoroga masufuria ya shule ilikuwa imemaliza viganja vyake.

Mwisho Virgil akaweka juu ya meza ya kioo bastola ya gurudumu la risasi linalozunguka, ya chuma kitupu, nzito. "Hii haina cha kuvuta. Unafungua, unajaza, unafunga. Na uzito wake ndio unaomeza ule mrusho."

Ilimkaa mkononi vizuri, ila bei ilipita zile mia nne. Basi Orpha akatoa kwenye mfuko wa karatasi bastola ya zamani ya Delmer, ile aliyorudishiwa na sherifu, aitoe kufidia kilichopungua.

Virgil hakuigusa upesi. "Hii ndiyo ile?"

"Ndiyo. Alikuwa anaisafisha."

"Ndivyo tulivyosikia," Virgil alisema, macho kwenye kioo.

Kila mtu alisikia hivyo. Mwanamume akifa vile, bonde lile husema alikuwa anasafisha bastola. Vyakula huletwa, mchungaji huhubiri bila kigugumizi, na hakuna anayeuliza ni nani anayesafisha bastola yenye risasi mahali ambapo hata mtoto hutia kidole kwanza. Orpha alikuwa na sababu zaidi ya kutouliza. Siku ile alikuta barua ya Delmer ndani ya kopo lake la kahawa, mistari minne ya kuaga. Aliichoma jikoni, akamwambia Tamsin ni ajali.

Jumatatu, saa kumi jioni, jua likiwa bado kali dirishani, alisikia kitu chumba cha pili. Swii. Swii. Ufito ukipita ndani ya mtutu, ukivutwa, ukipita tena. Alipoingia hapakuwa na mtu. Bastola mpya ilikuwa nje ya boksi, gurudumu wazi, na pembeni yake kitambaa cha mraba, cheusi kwa masizi. Masizi ya bastola isiyowahi kupigwa.

Jumanne vitambaa vilikuwa vitatu. Jumatano akaifungia bastola kabatini na ufunguo akautia kifuani, lakini ilipofika saa kumi harufu ilijaa nyumba hadi ikamkaa kooni, na ule mlio ukaanza tena, taratibu, bila hasira, mlio wa mtu aliye kazini na hana haraka, na Orpha alipofungua kabati akaona vitambaa vimejipanga safu kwa safu, akaokota kimoja, akakigeuza, akaona upande ambao masizi hayakufika ni buluu yenye mistari myeupe, akakumbuka alivyolipiga pasi shati hilo na kumfungia Delmer vifungo vyake yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kabla jeneza halijafunikwa.

Akakitia kile kitambaa mfukoni, akalala usiku ule taa zote zikiwaka.

Kesho yake alikwenda kwa Dada Icy, bibi wa kanisa lililo juu ya kijito, ambaye watu humpelekea walioungua naye hupuliza jeraha na kunong'ona aya ya Biblia mpaka moto utoke. Dada Icy alinusa kile kitambaa, akakirudisha upesi.

"Huyu si pepo mchafu, mwanangu. Ni mzimu mwenye kazi."

"Kazi gani?"

"Mliyompa ninyi. Bonde zima linasema Delmer anasafisha. Basi anasafisha. Na akimaliza shati atatafuta nguo nyingine."

Orpha akawaza vinguo vya mtoto vilivyokunjwa kwenye droo. "Nimtoeje?"

"Sema alichokifanya. Hapohapo anaposafishia, mbele ya mtu uliyemdanganya."

"Tamsin alimpenda mno baba yake. Nitamuua."

"Basi mwache akae," alisema Dada Icy. "Chagua."

Jumamosi Tamsin aliwasili na masanduku mawili, akaketi mezani huku anajipepea. Orpha alimwandalia mkate wa mahindi, akazungumza habari za hali ya hewa, akajiambia labda leo hakiji kitu. Saa kumi ikagonga.

Tamsin akaacha kutafuna. "Mama," alinong'ona, "unasikia hiyo harufu?"

Swii. Mara hii haikutoka chumba cha pili. Ilitoka palepale mezani, kwenye kiti cha Delmer, hatua moja kutoka tumbo la Tamsin. Swii.

"Baba yako hakuwa anasafisha," Orpha alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, kama anasoma orodha ya vyakula vya shule. "Alijiua. Aliniachia barua. Niliichoma ili usijue."

Tamsin hakupiga kelele. Alikitazama kile kiti kitupu. "Ile dawa niliiweka mimi, Mama."

"Nini?"

"Mimi ndiye niliyemkuta. Meza ilikuwa tupu. Nikatoa chupa kabatini, nikakata vitambaa, nikavipanga kabla sijampigia sherifu. Sikutaka wewe ujue."

Mlio ukakoma katikati.

Harufu ikapungua, ikawa ya mbali, ikabaki ya mkate. Orpha alingojea ahueni aliyoitumaini. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye kiti cha mumewe. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, na chini ya vidole vyake joto lile likaanza kupoa, likapoa, mpaka kikawa mbao tu. Siku zote zile alidhani anaogopa. Kumbe alikuwa naye nyumbani.

Kitu kikampasua kifuani, maumivu ambayo yalipaswa kuja Machi.

"Tamsin," akasema, kama mtu aliyetumwa kuleta habari, "baba yako amekufa."