Ombi la Chiriku

Kila Jumamosi, akishafua sare na kuianika, Sindano alikwenda kwenye kikundi cha watoto kanisani. Jina hilo alilipata kwa wembamba wake, na kwa kuwa alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani. Yeye na Chiriku walikuwa chanda na pete. Chiriku hakujaliwa kufunga mdomo, lakini Sindano alimwamini.

Jumamosi hiyo mwalimu aliwakumbusha kuhusu kambi ya siku tatu iliyokuwa inakaribia, kisha akamwomba Chiriku afunge kwa sala. Watoto wakafumba macho. Chiriku akawaombea wagonjwa, akaiombea safari, akavuta pumzi.

"Na zaidi, Bwana, mkumbuke rafiki yangu Sindano. Mponye asikojoe tena kitandani, asije akalowesha magodoro ya kambini."

Mtu akachekea puani. Amina ya siku hiyo ilikuwa na nguvu kuliko kawaida. Sindano aliendelea kufumba macho, maana akiyafumbua angemtazama nani? Siri hiyo aliijua shangazi, na Chiriku, aliyenong'onezwa juzi ili awe anamwamsha mapema huko kambini. Alikuwa amesalitiwa, tena kwa sala, na hilo ndilo lililomkata maini.

Nyumbani alimweleza shangazi yote. Kambini haendi. Tena Jumamosi ijayo na yeye angeomba kwa sauti: Bwana amsaidie Chiriku aache kuandika kiganjani mistari ya Biblia ya kukariri.

Shangazi akaondoa mguu kwenye cherehani. Alisema kukojoa kitandani si dhambi wala uchafu, na kesho kutwa wangemwona daktari. Kuhusu Chiriku, alimkumbusha kwamba Wakristo wa mwanzo walikutana majumbani, wamebanana chumba kimoja, na ugomvi wa wawili uliweza kuwavuruga wote. Kwa hiyo walifundishwa kwamba ukikosewa, umwendee aliyekukosea, mkiwa wawili tu, kabla hujamtangaza kwa watu.

"Mbona yeye hakunifuata nikiwa peke yangu?"

"Hakukufuata. Basi mfuate wewe."

Sindano akaenda, kanuna. Alimkuta Chiriku uani, anaosha vyombo.

"Umenisaliti," alisema.

"Si nilikuombea? Kuombewa nako ni kosa?"

"Mungu si kiziwi. Ungeniombea moyoni."

Chiriku akaiacha sahani majini. Alilia. Alikiri kwamba alitaka tu mwalimu aone anavyojua kuomba sala ndefu.

Jumamosi iliyofuata Chiriku alisimama mbele ya wote, akasema kwamba alitoa siri isiyo yake na kuiita sala, akaomba radhi. Mwalimu akamuuliza Sindano kama ana la kusema. Sindano aliuona wino kwenye kiganja cha rafiki yake, mstari mzima wa siku hiyo. Chiriku naye alijua kwamba umeonekana.

"Nimemsamehe," Sindano akasema, akaketi.

Zamu ya kukariri ilipofika, Chiriku alifuta kiganja kwenye sketi na kusema hakuukariri.

Daktari alitoa ushauri, Sindano akaenda kambini, na kila alfajiri Chiriku alimwamsha kwa kumgusa bega, bila neno. Waliporudi walimkuta shangazi anapinda pindo. Aliwasikiliza, akacheka, kisha akamgeukia Chiriku.

"Mwanangu, siri ya mwenzako ukitaka kumwambia Mungu, mwambie yeye peke yake. Yeye hataisambaza."