Nguo Moja ya Mtoto

Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, fundi alimeza kidonge chake. Kidonge hicho kilimtoa mbali. Zamani aliugua akili. Hakulala, aliongea bila kupumua, akakata mapazia ya wateja na kushona nguo za mtoto. Mtoto mwenyewe hakuwepo. Wateja walikuja juu!

Sasa alitaka mtoto kweli. Mama mkwe wake akaona kikwazo ni vidonge.

"Mwanangu, hizo ni dawa za kifafa. Wewe una kifafa? Zitupe!"

"Mama, akili zikiniruka tena?"

"Tutakosa mapazia mtaa mzima," alitania mumewe, seremala.

Fundi hakucheka. Alifunika cherehani. "Kuuliza si ujinga. Twende kliniki."

Wakaenda wote watatu. Muuguzi aliwasikiliza.

"Mama hajakosea," alisema. "Ni dawa ya kifafa. Lakini pia hutuliza akili inayopanda na kushuka. Hata baadhi ya wanaoacha pombe hupewa dawa za aina hii, kila mtu kwa hali yake."

"Na mtoto?" aliuliza fundi.

"Hapo pana hatari. Ukishika mimba huku unameza hii, inaweza kumdhuru mtoto tumboni."

Fundi aliingiwa na hofu. "Basi naiacha leo!"

"Hapana, dada! Ukiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, hata degedege likakushika. Daktari atakubadilishia dawa polepole. Kwa sasa tumieni uzazi wa mpango. Na ukianza dawa mpya, ukiona vipele, usingoje. Njoo mbio."

Kubadilisha dawa hakukuwa rahisi. Siku nyingine fundi aliamka na kizunguzungu, siku nyingine alilia tu. Lakini alikaza moyo. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mkaguzi wa vipele.

"Geuka nione mgongo!" aliamuru kila asubuhi.

Vipele havikutokea. Daktari aliporidhika, aliwaruhusu watafute mtoto. Mimba ikatunga, na kliniki wakasema mtoto anakua vizuri.

Siku moja mama mkwe aliingia, akamkuta fundi anashona kigauni kidogo. Akashtuka.

"Mwanangu! Kitambaa cha nani hicho?"

"Changu, mama. Nimekinunua."

"Kidonge umemeza?"

"Nimemeza."

"Na utashona nguo ngapi?"

Fundi alikata uzi kwa meno, akatabasamu.

"Hii moja tu. Kisha nikalale."