Dakika Saba Mashineni

Kila asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, nilikuwa nalizunguka gari la Mama. Nilitazama maji ya rejeta, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, kisha nikayapiga magurudumu teke moja moja nikisikiliza mlio. Mama alisimama kando na kikombe chake cha chai akisubiri ripoti.

"Haya, Mkaguzi, tunatoka au hatutoki?"

"Tunatoka. Ila gurudumu la nyuma kushoto linataka upepo."

Mkaguzi ni jina alilonipa nikiwa na miaka tisa, na nilipofikisha kumi na miwili mtaa mzima ulikuwa ukiniita hivyo. Sifichi, nililipenda. Mama alikuwa dereva wa gari la kliniki. Alimpeleka Nesi na sanduku la chanjo kwenye vijiji vilivyo mbali na lami. Kijiji cha mwisho, ng'ambo ya korongo, ndiko alikoishi Mama Mdogo, ambaye alikuwa na mtoto wa wiki tatu.

Korongo hilo ndilo lililoleta maneno. Baada ya mvua, Mkuu wa Magari alisema njia imeharibika na kijiji kile kiondolewe kwenye ratiba. Mama alisema njia inapitika, mradi dereva awe anaijua.

"Basi nionyeshe," Mkuu akamwambia. "Niletee video ya safari nzima, kutoka geti hili mpaka kurudi geti hili, isikatwe hata kidogo. Mwezi uliopita dereva mmoja alinionyesha vipande vizuri tu, nikaruhusu gari likaenda kuzama."

Kijiji kikiondolewa, akina mama wa kule wangetembea nusu siku na watoto mgongoni kufuata chanjo. Mmoja wao angekuwa Mama Mdogo.

Tukaenda kwa fundi wa redio za magari kutafuta kamera ya dashibodi. Fundi akaweka tatu mezani. Moja tuliiacha palepale kwa sababu waya wake ulikuwa mfupi, haukufika kwenye tundu la umeme la gari letu. Zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa pana, inang'aa, na kioo chake kikubwa kama cha simu. Nikaibatiza Bwana Harusi. Ya pili ilikuwa nyeusi, ndogo, haina hata kioo, picha zake hutazamwa kwenye simu, na ukubwa wake ni wa kipande cha sabuni. Hiyo nikaiita Kisabuni.

"Kwenye lami zote nzuri," Fundi alisema. "Lakini nyinyi mnaingia porini. Kuna mtikisiko na vumbi, na mimi sijawahi kuzijaribu huko. Sitaki muuziwe mbuzi kwenye gunia. Chukueni zote mkazipime, moja mtanirudishia. Ila mniambie ukweli wake."

Mama alinikabidhi kazi hiyo mimi. Akachora jedwali kwenye daftari langu: mtikisiko, vumbi, picha.

"Nenda kwa Mwenye Mashine ya unga," alisema. "Dirisha la ofisi yake hutetemeka mashine ikiwaka, na vumbi la unga halina likizo. Leo bandika moja saa nzima, kesho nyingine."

Sikwenda. Nilipotoka tu nyumbani, wenzangu walikiona kile kioo cha Bwana Harusi wakanizunguka. Tukarekodiana tukikimbia, tukapiga sarakasi, tukajitazama na kucheka mpaka mbavu zikauma. Siku ya pili ikawa vilevile. Jioni nikajiambia, kuna haja gani ya kwenda kupima kitu ambacho macho yanakiona ni kizuri? Nikampa Bwana Harusi tiki zote. Kisabuni nikaipa tiki mbili na kosa moja, ili jedwali lionekane la kweli.

Alhamisi shule zilikuwa zimefungwa, na Mkuu akakubali nipande gari ili nisimamie kamera. Kanuni ya Mama ni kwamba porini huendi na kitu kimoja. Kwa hiyo tulimbandika Bwana Harusi katikati ya kioo cha mbele, na Kisabuni pembeni kama akiba. Getini nikaziwasha zote mbili, nikajiona mtu mkubwa kweli.

Tukiwa bado kwenye lami, Mama alimgeukia Nesi. "Leo sina wasiwasi na kamera, mimi naangalia njia tu. Binti yangu amekula unga siku mbili kule mashineni akizipima."

"Hongera, Mkaguzi," Nesi akasema.

Nilifikiria video ikizimika katikati ya korongo, nikamfikiria Mama Mdogo akitembea juani na kichanga chake. Nikaona ni heri aibu ya sasa.

"Mama, sikuzipima."

"Unasemaje?"

"Sikwenda mashineni. Tiki zote ni za uongo."

Mama akawasha taa ya kupinda, akaegesha kando. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Kila asubuhi unaniambia oili ipo, nami naondoka na watu humu ndani," alisema. "Kesho nitakuaminije?"

Machozi yakanitoka.

"Kulia tutalia baadaye," Mama akasema akirudisha gia. "Sasa tupime."

Mbele kidogo tuliiacha lami tukaingia kwenye njia ya mawe. Mama akapita taratibu, gari likitupwa huku na huku. Hatukumaliza hata mawe yenyewe. Bwana Harusi alibanduka kwa uzito wake, akamwangukia Nesi mapajani, kioo cheusi tii.

"Bwana Harusi kazimia," Nesi alisema, na hata mimi nikacheka katikati ya machozi.

Nikafungua simu ya Mama kuitazama Kisabuni. Picha yake ilikuwa imetulia. Ungeweza kuhesabu mawe. Nikaihamishia katikati bila kuizima. Tulipofika korongoni, Nesi alishuka akapima maji kwa fimbo: chini ya goti. Mama akaweka gia ya magurudumu yote manne, akashuka polepole, akavuka, akapanda ng'ambo bila hata gurudumu moja kuteleza. Kijijini wanawake walikuwa wamepanga foleni tayari, na Mama Mdogo alikuwa wa tatu. Mtoto alilia sindano ilipoingia, halafu akanyamaza na kulala kana kwamba si yeye.

Tuliporudi na kupita geti, nilizima kamera na kuchomoa kadi yake. Nesi akaniuliza, "Hivi hako kadude kanarekodi na sauti?"

Kanarekodi. Maneno yangu yote ya asubuhi yalikuwa humo. Kamera ilihifadhi video katika vipande vya dakika tatu tatu, nami nilijua kufuta kimoja kwa simu. Tena kilikuwa kipande cha lami tu, kisichoonyesha jiwe wala maji. Nani angekiulizia?

Nikamtazama Mama.

"Usinitazame mimi," alisema. "Kadi iko mkononi mwako."

Nikaingia ofisini nikampa Mkuu kadi kama ilivyokuwa. Madereva wengine watano walijazana nyuma ya kiti chake. Haikupita muda, sauti yangu ikasikika chumba kizima: "Tiki zote ni za uongo." Wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilisimama palepale.

Mkuu hakucheka. Alitazama mpaka korongo, kisha mpaka geti.

"Nilikuwa najiuliza nitajuaje kama video hii haikukatwa," alisema. "Sasa najua. Mngekuwa watu wa kukata, mngeanza na kile kipande cha lami. Kijiji kinabaki kwenye ratiba." Halafu akaniinamia. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Umefanya vizuri kushuka mapema."

Nilidhani yameisha. Kumbe kesho yake asubuhi, nilipomaliza kupima oili, Mama aliweka kikombe chini, akakichomoa kijiti mwenyewe na kukitazama. Kicheko cha madereva hakikuniuma kama kijiti kile.

Jumamosi nikaenda mashineni bila kutumwa. Nikambandika Bwana Harusi dirishani, nikatandika gunia tupu chini, nikakaa na saa. Dakika ya saba akaanguka. Dakika saba tu! Kisabuni ilimaliza saa nzima, ikawa nyeupe pe, nikaifuta na bado inarekodi. Mwenye Mashine alinitania kwamba sasa naweza kusongwa ugali mzima mzima. Nikaandika jedwali jipya, nikalisomea Mama na Fundi, na Bwana Harusi akarudi dukani.

"Ungekwenda siku ile, dakika saba zingetosha," Mama aliniambia tukirudi nyumbani. "Uvivu ulikuokolea dakika saba, ukakugharimu imani yangu. Imani haiombwi, binti yangu. Hujengwa kwa kazi, siku kwa siku."

Nami nikaijenga. Wiki nzima nilipima, na wiki nzima Mama alirudia kupima nyuma yangu. Jumatatu iliyofuata nilikirudisha kijiti cha oili, nikafunga boneti, nikasubiri aje.

Hakuja. Alikuwa amesimama kando na kikombe chake cha chai.

"Haya, Mkaguzi," akasema. "Tunatoka au hatutoki?"